Utando wa Marehemu

Paliondokea buibui mgane aliyekaa katika utando uliofumwa na marehemu mkewe. Desturi ya buibui ni kuula utando ukichakaa, kisha kufuma mwingine kwa nguvu aipatayo humo. Yeye hakuugusa. Vumbi likauingia, gundi ikakauka, na kwa siku tisa hakunasa hata mbu.

Siku ya kumi Inzi akatua katikati, akatembeatembea.

"Shikamoo, mzee! Ukumbi wako mzuri, haunati hata kidogo."

"Marahaba. Aliufuma mke wangu."

"Basi usiuguse, mzee wangu. Kesho nitakuja tena kumpa pole mfiwa."

Akaruka huku akicheka. Buibui alitaka kumfuata, miguu ikakataa. Akajua kwamba njaa ikimuua, hatabaki wa kukumbuka nani aliufuma. Akaanza kuula polepole, uzi baada ya uzi, kutoka pembeni hadi katikati. Alipomaliza alipumzika kidogo, kisha akafuma upya, kwa mpango uleule wa mkewe.

Kesho yake Inzi akaja, wala hakubisha hodi.

"Shikamoo, mzee..." Miguu yote sita ikanata.

"Marahaba," akajibu Buibui, akimsogelea. "Uzi ni uleule wa marehemu."