Skrini ya Mkono Mmoja

Fundi Sengo aliweka kompyuta mbili mezani kliniki. Zote zilikokotoa ukuaji wa watoto kwa programu ileile. Ni sura za skrini tu zilizotofautiana. Muuguzi Tabu alitakiwa kuchagua moja. Mwezi uliopita majibu ya kompyuta ya zamani yalichelewa, na mtoto aliyekuwa akidhoofika akarudishwa nyumbani bila mtu kujua.

Tabu alimpokea mtoto kutoka kwa mama aliyekuwa ametoka kumpima uzito, akamlaza begani.

“Dada, si umrudishe kwanza?”

“Siku ya kupima uzito sina mikono miwili, Sengo. Nitajaribu hivihivi.”

Skrini ya kwanza ilijaa vitufe, na mkono mmoja haukuiweza. Ya pili ilikuwa na visanduku viwili na kitufe kimoja.

“Hiyo ya chekechea,” Sengo alicheka.

“Kwani hapa wakubwa wako wapi? Niachie hii.”

Sengo akamsogezea kibodi karibu. Tabu akaandika namba ya kadi na uzito wa leo, akabonyeza. Kwenye skrini, mstari wa uzito wa mtoto ulipanda, kisha ukainama.

Mama alikuwa amesimama, mbeleko tayari mkononi.

“Usiondoke bado, mwanangu,” Tabu alimwambia.

Mama akaketi, akaanza kuikunja mbeleko polepole. Begani mwa Tabu, mtoto akapiga miayo.