Kitabu cha Pengo

Malkia alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la mama yake, akitafuta soksi nyeupe ambazo alikuwa na hakika amepewa Pengo, mkono wake ulipogusa kitu kigumu chini ya mashuka. Kitabu. Kilikuwa kimevikwa jalada la kitambaa laini cha manjano, chenye picha za vifaranga, kimepauka kidogo, kimeshonwa kwa mkono pindo kwa pindo.

Roho ilimuuma papo hapo.

Katika nyumba ile kila tatizo lilikuwa na kitabu chake. Mama aliuza vitabu mjini. Ndiye aliyepanga rafu za watoto na vijana, na yale yaliyomshinda kuyasema kwa mdomo aliyaachia kurasa ziyaseme. Malkia alipoanza kuota chunusi, alikuta kitabu juu ya mto. Babu alipofariki, kitabu. Wenzake walipomcheka darasani kwa sababu ya kigugumizi, vitabu viwili. Baba alikuwa akitania kwamba bado anasubiri chake cha kuacha kukoroma, nacho atakisoma akiwa usingizini.

Lakini hakuna hata kimoja kilichowahi kushonewa nguo.

Alikifungua. Kilihusu msichana wa miaka kumi na minne, umri wake yeye mwenyewe, aliyelelewa na wazazi ambao hawakumzaa. Pembe za kurasa zilikuwa zimelegea kwa kusomwa na kusomwa tena.

"Cha Pengo," alijisemea. "Cha nani mwingine?"

Pengo alikuwa amefika miezi miwili nyuma, na begi moja na picha ya mama yake, binamu wa mama yake Malkia, ambaye maradhi yalikuwa yamemchukua. Alikuwa na miaka sita, meno ya mbele hana, na herufi b na d bado zilimchanganya. Tangu aingie, kila kitu kiligawanywa: chumba, sabuni, hata mapaja ya mama. Jioni, mama alipomweka chini kumsuka, Pengo alisimulia vituko vya marehemu mama yake, na mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Malkia alisimama mlangoni na kitana chake mkononi, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Siku moja uzalendo ulimshinda.

"Mama, lakini aliyetoka tumboni mwako si ni mimi? Au nimekosea?"

Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa amekuja kuwajulia hali, aliinuka ghafla akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

"Wewe ni mwanangu," mama alisema. "Hilo halina mjadala."

Jibu lile halikumshibisha. Na sasa, akiwa na kile kitabu mapajani, lilimchoma zaidi. Yeye mtoto wa nyumba aliwekewa vitabu vikiwa uchi, na huyu wa juzi alishonewa vifaranga!

Alikisoma kwa siku mbili, akikificha ndani ya daftari la hesabu. Hakusoma ili aelewe. Alikuwa akiwinda maneno ya kuumiza, na aliyapata ukurasa wa tisini, pale msichana wa kitabuni anapoambiwa ukweli, anatoka mbio nje viatu vikiwa mkononi. Malkia nusura amhurumie. Akajizuia.

Jumamosi mchana walikuwa mezani wote wanne. Baba alikuwa akimenya chungwa, mama akimpigia Pengo hadithi ya mteja aliyerudisha kitabu kwa sababu mwisho wake haukumpendeza. Malkia alikiweka kitabu katikati ya meza, akakifungua.

"Pengo, kuna zawadi yako hapa. Sikiliza."

Siku ile ulimi wake haukukwama hata mara moja.

"'Sisi hatukukuzaa,'" alisoma. "'Kuna mwanamke mwingine aliyekubeba tumboni, na mpaka leo hatujui hata jina lake.'"

Aliinua macho akingoja kilio. Pengo alikuwa ameacha kutafuna, amekunja uso kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Huyo siyo mimi," alisema. "Mama yangu jina lake tunalijua. Na picha ninayo."

Baba alikiweka kisu chini taratibu. Chungwa lilibaki limemenywa nusu.

"Umekitoa wapi hicho?" mama aliuliza. Hakuwa akimtazama Pengo.

"Ulikokificha! Kama ni chake si umpe? Unamwogopa nini? Mimi vyangu vyote uliniwekea tu juu ya mto, hata karatasi ya gazeti hukuvifunga. Chake yeye umekishonea!"

"Mke wangu," baba alisema kwa sauti ndogo. "Siyo hivi. Siyo leo."

"Kila mwaka tunasema siyo leo."

Mama aliinuka, akaizunguka meza. Malkia alijikunyata, akidhani anakuja kumpiga kofi. Lakini mama alipiga magoti sakafuni kando ya kiti chake, akaushika mkono wake pamoja na kitabu, akavishikilia vyote viwili kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Mwanangu, Pengo hata kusoma hajui," alisema. "Kitabu hiki si chake. Nilikinunua wewe ulipokuwa unatambaa."