Santuri Ileile

Marlene Pagano alirudi tena dukani kununua sauti yake mwenyewe.

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja basi mlangoni walimtambua. Nani hapa mtaani Queens asingemtambua? Mwaka sitini na tano, yeye na wenzake wawili waliwaliza wasichana wa Marekani nzima kwa wimbo wa kijana aliyekataliwa na baba wa mpenzi wake, akaondoka na pikipiki kwa hasira, akafa kwenye kona yenye mvua. Wenzake walikwisha kuhamia Florida na waume zao. Marlene alibaki peke yake, nywele zimeanza kuingia mvi.

"Kaja kununua wimbo wake tena," alisema mmoja. "Jamani, Bernadette, kwani anakula santuri?"

"Mcheza kwao hutunzwa, shoga," akajibu Bernadette. "Huyu anajitunza mwenyewe!"

Wakacheka. Marlene aliwasikia, akafunga mlango nyuma yake.

Juu ya kaunta aliiweka santuri aliyoinunua hapo hapo mwaka uliopita. Mzee Lefkowitz, aliyeuza santuri zilizotumika, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Umeifanya nini hii, binti? Mwanzo umelika kama kizingiti cha mlango. Kwingine kote mpya kabisa."

"Sindano yangu mbovu."

"Sindano mbovu haichagui pa kula. Sikiliza, chukua sidii. Wimbo wenu wameutoa upya, wameusafisha, hamna kelele hata chembe. Unasikika kama malaika."

"Sitaki kilichosafishwa, mzee. Nataka toleo la kwanza, kabla kampuni haijakata kelele za mwanzo."

"Hizo zimekwisha, Marlene."

Alishika ukingo wa kaunta. Uso ulimshuka hata mzee akamwonea huruma. Akashusha pumzi, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na santuri iliyotoka kwenye mali ya marehemu mmoja wa Brooklyn.

"Ndiyo ya mwisho hiyo. Ikilika, usinijie. Sina pengine pa kuitoa."

"Mwanzo wake mzima?"

"Mzima." Akawa anaifunga kwenye karatasi. "Sasa na mimi nikuulize kama wanavyokuuliza wengine. Yule kijana wa kwenye wimbo, alikuwepo kweli?"

"Wapi! Walimtunga watunzi, kahawa mkononi na sigara mdomoni. Hata kile kilio changu ni cha kitunguu. Walinishikia puani mpaka nikalia."

"Na pikipiki je?"

"Pikipiki ya kweli. Ya Gus Ferrante, kijana wa mtaani kwetu. Walishusha kipaza sauti dirishani kwa waya, yeye akaingurumisha chini barabarani. Ilikuwa Februari, baridi ya kuua."

"Yuko wapi siku hizi, huyo Gus?"

"Washington. Jina lake wamelichonga kwenye ule ukuta wa waliokufa vitani Vietnam."

Mzee akatikisa kichwa, akamkabidhi santuri yake. Nje, Bernadette alimpisha na kumfanyia heshima ya kumpigia malkia goti. Marlene alitabasamu tu, maana ukijibu kila dhihaka hufiki nyumbani.

Nyumba ilikuwa ile aliyoachiwa na baba yake, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza katoka wapi. Upweke wa nyumba ile alikuwa ameuzoea, lakini siku za baridi ulimuuma. Ukutani palikuwa na picha za wasichana watatu, nywele zimepandishwa juu, macho yamepakwa wanja. Picha ya mwanamume haikuwapo hata moja. Baba yake alikwisha kuzichoma zote jikoni, hata kabla ya wimbo kurekodiwa.

Hakuvua koti. Aliketi sakafuni kando ya gramafoni, akaitoa santuri kwenye karatasi, akashusha sindano taratibu.

Mkwaruzo wa sindano. Upepo wa barabarani. Kisha sauti ya kijana, mbali, chini ya dirisha, ikicheka: "Marlene, we! Funga dirisha bwana, utapata mafua! Haya, nawasha."

Pikipiki ikanguruma. Kabla yeye mwenyewe hajaanza kuimba, Marlene aliinua sindano, akairudisha mwanzo.