Alama ya Kalamu

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nilijipima kiuno kwa futikamba ya kushonea. Kisipovuka alama niliyoitia futi kwa kalamu, moyo ulitulia.

Leo mama mkwe aliingia bila hodi na kikombe chake cha uji, akanikuta futi imenizunguka.

"We fundi," akanong'ona, uso ukimchanua. "Unapima tumbo, nami hujaniambia?"

Mimba mbili zilitoka yeye akiwa amenishika mkono. Mara zote alimwapia daktari kwamba ninakula, ananilisha mwenyewe.

Nilipokea kikombe. Kilikuwa cha moto, na mkono wake ulinuka moshi.

"Mama, si mimba. Uji wako huwa naumwaga. Hata nilipokuwa na zile mimba, niliumwaga."