Mikono ya Nyamizi

Mjini kwao mafundi waliheshimiwa kuliko mawaziri. Mikono yao ilikuwa mali ya mji, na waliruhusiwa kuvua glavu kazini tu. Nyamizi, fundi wa kuchomelea mabomba ya maji, aliifurahia heshima hiyo mpaka alipojifungua. Mumewe, Maganga, ndiye aliyemwogesha mtoto, yeye akitazama.

Alasiri moja mtoto alilia hanyamazi. Nyamizi alimgusa kichwani, lakini kwa glavu nene hakuhisi kitu.

“Ana homa?”

“Kajoto kidogo tu,” alisema Maganga. “Usivue, mama Masele. Watakuhamishia bweni la mafundi.”

Alivua. Paji la mtoto lilikuwa la moto.

“Anaungua, baba Masele! Mkimbize hospitali!”

Glavu zilianza kupiga king'ora. Maganga alipokuwa akitoka na mtoto, walinzi wawili waliingia, wakavua kofia.

“Pole, Fundi,” mmoja alisema kwa upole, akaanza kumfuta vidole kimoja kimoja.

“Niacheni niende na mwanangu.”

“Yuko na baba yake, Fundi. Wewe unahitajika na mji.”

Kilio cha Masele kilizidi kwenda mbali. Mlinzi akaomba mkono wa pili.