Siku Zilizobaki Kwenye Stika

Mkaguzi Ngwale alikuwa ameshauweka wembe kwenye kioo cha mbele cha gari, abandue stika ya zamani ya ukaguzi, ndipo akaisoma tarehe.

"Mama, umewahi mno. Hii bado ina siku arobaini na moja. Ungekuja zikiwa zimebaki thelathini, tungeziunga na mwaka mpya. Nikikagua leo, mwaka unaanza leo, na hizi zinapotea."

"Zinakwenda wapi, mwanangu?" Mwajabu aliuliza.

Ngwale alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni akaacha.

Stika ile aliibandika Shomari, mume wa Mwajabu, ikakaa kombo, naye akasema inatosha, mwaka mzima hawasumbuliwi. Alizikwa miezi minne baadaye. Tangu hapo, kila asubuhi Mwajabu alikuta kioo cha upande wa usukani kina ukungu kwa ndani, kama kuna mtu amelala humo. Ndiyo maana amewahi. Alidhani stika ikitoka, na Shomari mwenyewe atakwenda zake.

"Usiibandue," alisema.

"Basi rudi baada ya siku kumi na moja, mama. Haitapotea hata moja."

Mwajabu, aliyekuja akiendesha mwenyewe, alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda. Ngwale alisimama na wembe wake, akingoja kuona nani ataendesha.

Jua lilikuwa la utosi. Kioo cha upande wa usukani kikaanza kuingia ukungu, polepole.