Mafiga ya Mji Mtakatifu

Mgeni alipiga magoti mbele ya mawe matatu meusi, akavua kofia.

"Madhabahu," alinong'ona. "Vitabu vyetu vilisema mji mtakatifu uko kwenye mlima huu. Kesho tunachimba."

Vijana wa kijiji cha Manyatta walishangilia. Watalii wangekuja, barabara ingetiwa lami.

Bibi kizee Wanjira aliyasogelea mawe. Yale yalikuwa mafiga ya mama yake, tangu wakati wakoloni walipowafungia wanakijiji hapa ndani ya waya wa miba. Mdogo wake Wanjira alipokufa akiwa mchanga, askari walikataza mtu kutoka kwenda kuzika. Mama alizima moto, akachimba katikati ya mafiga.

"Shosho, wapishe wageni wapime," kijana mmoja alimwambia bibi.

Wanjira alifungua leso kiunoni, akaitandaza taratibu katikati ya mawe.

"Punguzeni kelele," alisema. "Kuna mtoto amelala."